Griffith: Mhandisi aliyefichua siri ya ufa

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo hutumika zaidi kuwaonya wanaopuuza makosa madogo, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 alitokea mhandisi mmoja nchini Uingereza aliyeithibitisha kwa hesabu na kwa vipande vya kioo.

Huyo ni Dk. Alan Arnold Griffith, aliyefariki dunia Oktoba 13, 1963 akiwa na umri wa miaka 70.

Jina lake halivumi kama yalivyovuma majina ya wavumbuzi wengine wa enzi zake. Hata hivyo, kila anayepanda ndege ya jeti husafiri kwa kutegemea mambo mawili ambayo Griffith alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyafafanua: jinsi ufa unavyovunja kitu kigumu, na jinsi mapanga ya ndani ya injini yanavyopaswa kuchongwa ili yasukume hewa bila kupoteza nguvu.

Katika maisha yake mambo hayo mawili yalikwenda njia mbili tofauti. Yamekuja kukutana baada ya kifo chake, katika kauri za aina mpya zinazotengenezwa kwa ajili ya injini zenye joto kali. Kauri hizo zikipata ufa mdogo zikiwa katika moto, hujiziba zenyewe.

Griffith alizaliwa London Juni 13, 1893. Baba yake, George Griffith, alikuwa mwandishi wa riwaya za kubuni kuhusu sayansi na vita. Mwaka huo huo aliozaliwa mtoto, baba alichapisha riwaya ya vita vinavyopiganwa kwa vyombo vinavyoruka angani, miaka kumi kabla ya ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, kurusha ndege yao ya kwanza ya injini.

Baba huyo alifariki mwaka 1906 katika Kisiwa cha Man, wakati Alan akikaribia kutimiza miaka 13. Kijana alipata elimu ya sekondari mjini Douglas, katika kisiwa hicho, kisha akapata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Liverpool. Huko alihitimu shahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 1914, kwa daraja la kwanza.

Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, aliajiriwa katika kiwanda cha ndege cha serikali kilichokuwa Farnborough, kusini mwa Uingereza. Ndege za wakati huo zilikuwa za mbao, turubai na nyaya, na hesabu za uimara wake zilikuwa ngumu kuliko uwezo wa wahandisi wengi.

Hapo ndipo alipoanza kujulikana, na kilichomtambulisha ni povu la sabuni. Akishirikiana na mwanasayansi Geoffrey Ingram Taylor, Griffith alitumia utando wa sabuni uliotandazwa juu ya tundu ili kupima mkazo unaokipata chuma kinaposokotwa. Wazo la msingi lilikuwa limetolewa na Mjerumani Ludwig Prandtl mwaka 1903, lakini Waingereza hao wawili ndio waliolifanya kuwa nyenzo ya kazi ya kila siku.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1917 na kuwapatia medali ya dhahabu ya chama cha wahandisi mitambo cha Uingereza. Wafanyakazi wenzake walimpachika Griffith jina la utani linalotokana na povu la sabuni, jina lililodumu kwa miaka mingi.

Kazi ya sabuni ilimfikisha kwenye swali kubwa zaidi. Mafundi walijua kwamba mkwaruzo juu ya chuma hupunguza uimara wake. Hesabu zilizotolewa na mhandisi Charles Inglis mwaka 1913 zilionyesha kuwa mkazo hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na kwamba kinacholeta hatari ni ukali wa ncha hiyo.

Tatizo lilikuwa kwamba, kwa hesabu hizo, mkwaruzo mdogo sana ulipaswa kuwa na hatari sawa na ufa mkubwa wenye umbo lile lile. Uzoefu wa karakana ulionyesha vingine. Vyuma vyenye mikwaruzo midogo vilidumu, vyenye mikubwa vikakatika.

Griffith aliamua kuachana na chuma kwanza na kuchukua kioo, kwa sababu kioo hakikunjiki wala hakivutiki kabla ya kuvunjika. Alitengeneza mirija na tufe za kioo, akazikata nyufa za urefu aliotaka, akazipasha moto ili kuondoa mikazo iliyobaki ndani, kisha akazijaza kimiminika kwa shinikizo hadi zikapasuka.

Jibu alilolipata lilihusu nishati. Kitu kinapovutwa huweka nishati ndani yake, kama upinde uliovutwa. Ufa unaporefuka, sehemu ya nishati hiyo huachiliwa. Kwa upande mwingine, kurefusha ufa kunahitaji nishati ya kutengeneza sura mbili mpya pale palipokuwa na kitu kimoja.

Ufa ukiwa mfupi, kinachoachiliwa hakitoshi kulipia kinachohitajika, hivyo ufa hutulia. Ukifikia urefu fulani, mapato huzidi matumizi na ufa hukimbia wenyewe bila kusubiri nguvu zaidi. Kwa kioo na vitu vingine vya aina hiyo, ufa ukirefuka mara nne, nguvu ya kuvivunja hupungua kwa nusu.

Muuza vitambaa wa Kariakoo anaijua kanuni hii kwa mikono yake, kwani huikata pindo ya kitambaa kidogo kwa mkasi kabla ya kukichana chote kwa mara moja. Fundi vioo naye hukwaruza mstari mmoja kwa almasi, kisha hukivunja kioo kwa kukibonyeza tu.

Griffith hakuishia hapo. Alijiuliza kioo kisicho na ufa wowote kingekuwa na nguvu kiasi gani. Mahesabu yalionyesha kingeweza kuhimili zaidi ya ratili milioni moja kwa kila inchi ya mraba, lakini vijiti vya kawaida vya kioo, vyenye unene wa milimita moja hivi, vilikatika kwenye ratili 24,900.

Alichukua kioo kilichoyeyushwa na kukivuta kuwa nyuzi. Kadiri nyuzi zilivyokuwa nyembamba ndivyo nguvu ilivyopanda. Wembamba kuliko zote, wenye unene wa takriban elfu tatu za milimita, ulihimili ratili 491,000 kwa inchi ya mraba, yaani karibu mara 20 ya kijiti.

Maana yake ilikuwa wazi. Kioo kwa asili yake si dhaifu, isipokuwa kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Miaka mingi baadaye, ukweli huo ndio uliokuja kuzifanya nyuzi za kioo kuwa malighafi ya boti za faiba zinazoonekana leo katika pwani nyingi duniani.

Andiko lake liliwasilishwa mwaka 1920 na kuchapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya sayansi ya Uingereza mwaka 1921. Leo huhesabiwa kuwa msingi wa elimu yote ya uvunjikaji wa vitu. Wakati ule, wahandisi wengi hawakuona linawahusu nini, kwa kuwa wao walijenga kwa chuma na si kwa kioo.

Mkasa mmoja uliikatisha kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake, Ben Lockspeiser, aliacha mwali wa gesi wa kuyeyushia kioo ukiwaka usiku na maabara ikashika moto. Uchunguzi ulipofanyika, wawili hao waliamriwa kuacha kupoteza muda na kioo. Lockspeiser huyo baadaye alipewa cheo cha Sir na kuwa rais wa kwanza wa baraza la CERN, taasisi ya utafiti wa nyuklia ya Ulaya.

Griffith alihamishiwa kwenye injini. Siri ya ufa ikabaki makabatini kwa zaidi ya miaka 20.

Gharama ya kuisahau ilionekana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Meli za Marekani zilizoungwa kwa kulehemu zilianza kupasuka katika maji ya baridi. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, ikiwa imetia nanga kwenye maji tulivu mjini Portland, ilipasuka karibu vipande viwili bila kupigwa na adui wala dhoruba.

Ndipo watafiti waliporudi kwenye andiko la Griffith. Mmoja wao, George Irwin wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, aliipanua kanuni hiyo katika miaka ya 1950 ili ifanye kazi kwa metali pia. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1954, ndege mbili za abiria aina ya Comet zilivunjika angani karibu na Italia. Uchunguzi uliofanyika Farnborough, pale pale alipokuwa ameanzia Griffith, ulikuta kwamba nyufa za uchovu wa metali zilikuwa zimeupasua mwili wa ndege.

Kwa upande wa injini, Griffith hakuchukua muda kuacha alama. Mwaka 1926 alitoa andiko lililoonyesha kwa nini turbini za wakati ule zilifanya kazi vibaya. Alieleza kwamba mapanga yake yalichongwa kama vile hayahusiani na hewa inayoyapita, wakati kila panga lilipaswa kuchukuliwa kama bawa dogo la ndege.

Alipendekeza injini ambayo hewa ingepita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma kupitia safu nyingi za mapanga, na nguvu yake izungushe pangaboi. Mwaka 1928 alipewa kusimamia maabara ya wizara ya anga iliyokuwa South Kensington, London.

Ni katika maabara hiyo ndipo lilipotokea tukio ambalo hadi leo linagawa maoni juu yake. Mwishoni mwa mwaka 1929, afisa kijana wa jeshi la anga, Frank Whittle, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alipeleka wazo la injini isiyo na pangaboi kabisa, ambayo ingesukuma ndege kwa mkondo wa gesi moto unaotoka nyuma.

Griffith alilipitia wazo hilo, akaonyesha kosa katika hesabu na kueleza kuwa injini ya namna hiyo ingekuwa nene na yenye kula mafuta mengi. Wizara haikutoa fedha. Whittle alichukua hataza mwaka 1930, na mwaka 1935 ikamtoka mikononi kwa kukosa ada ya pauni tano za kuihuisha.

Injini ya Whittle iliwashwa kwa mara ya kwanza Aprili 1937, na ndege ya kwanza ya jeti ya Uingereza ikaruka Mei 1941. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imekwisha kutangulia, baada ya kurusha ya kwake Agosti 1939.

Wapo wanaomlaumu Griffith kwa kuichelewesha nchi yake. Wanaomtetea husema kosa la hesabu lilikuwepo kweli, na kwamba metali za mwaka 1929 zisingestahimili joto la injini hiyo. Lisilopingika ni kwamba mtu aliyewahi kuambiwa aache kupoteza muda na kioo alikuwa sasa upande wa pili wa meza, akihukumu wazo la kijana mwingine.

Juni 1939 Griffith alihamia kampuni ya Rolls-Royce, ambako mkuu wake, Ernest Hives, alimpa uhuru wa kufikiri bila kubanwa na shughuli za kiwanda. Injini zake za mwanzo huko, zenye mapanga yanayozunguka kwa kupishana, zilikuwa na utata mno na hazikufanikiwa.

Hatimaye aliandaa michoro ya injini rahisi zaidi iliyokuja kuitwa Avon. Ilihitaji marekebisho mengi kutoka kwa wahandisi wengine, hasa kwenye sehemu ya kushindilia hewa, lakini msingi wake ulikuwa ule ule alioupigania tangu mwaka 1926. Mawazo yake yalichangia pia injini ya Conway, ya kwanza kuingia kwenye huduma ikiwa inapitisha sehemu ya hewa pembeni mwa kiini chake.

Afrika Mashariki ilizifahamu injini hizo. Comet 4 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, zilizoanza kufika mwaka 1960, zilisukumwa na Avon. Super VC10 zilizofuata kuanzia mwaka 1966 zilisukumwa na Conway, hadi shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977.

Griffith alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme mwaka 1941 na kutunukiwa nishani ya CBE mwaka 1948. Katika miaka yake ya mwisho kazini alishughulikia ndege zinazopaa wima. Chombo cha majaribio kilichotokana na mawazo hayo, fremu ya vyuma isiyo na mabawa iliyobebwa na injini mbili za jeti, kiliruka bila kufungwa Agosti 1954, na watu wakakiita kitanda kinachoruka. Alistaafu mwaka 1960.

Alichokiacha bila kukimaliza ni suala la joto. Injini ya jeti hutoa nguvu nyingi kwa mafuta machache kadiri gesi yake inavyokuwa moto zaidi. Gesi ya injini za leo ni moto kuliko kiwango cha kuyeyusha mapanga yenyewe, ambayo huokolewa kwa kupulizwa hewa ya kupoza kupitia vitundu vidogo. Hewa hiyo nayo huigharimu injini sehemu ya nguvu zake.

Kauri kama silikoni kabaidi hustahimili joto kuliko metali hizo, na uzito wake ni kama theluthi moja tu. Wahandisi walizitamani tangu zamani. Kizuizi kilikuwa kile alichokieleza Griffith mwaka 1920: kauri, kama kioo, haina namna ya kuupunguza makali ufa. Metali hukunjika kidogo kwenye ncha ya ufa na kumeza nishati, wakati kauri hupasuka ghafla.

Njia ya kwanza ya kutokea ilikuwa kutumia nyuzi nyembamba za kauri zilizofumwa ndani ya kauri nyingine, ili ufa ukikutana na uzi ugeuzwe njia. Vipande vya aina hiyo, vya silikoni kabaidi, vilianza kazi mwaka 2016 katika injini za LEAP, vikizunguka mapanga ya turbini. Injini za familia hiyo ndizo zilizo kwenye Boeing 737 MAX 9 ambayo Shirika la Ndege Tanzania liliipokea Oktoba 2023.

Njia ya pili ni ya kauri inayojiponya. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama nchini Japani, wakiongozwa na Kotoji Ando, walichanganya chembe ndogo za silikoni kabaidi ndani ya kauri ya alumina na nyinginezo.

Ufa unapofunguka, hewa huingia na kuzifikia chembe hizo. Katika joto kali, silikoni huungana na oksijeni na kuwa silika, malighafi ile ile ya kioo. Silika huchukua nafasi kubwa kuliko chembe iliyoizaa, hivyo huujaza ufa na kuzigandisha kingo zake. Ufa wa sehemu ya kumi ya milimita umeonekana kuzibika kwa saa moja katika nyuzijoto 1,300 za sentigredi, na kauri kurejea kwenye nguvu yake ya awali.

Mwaka 2017 watafiti wengine wa Japani walitangaza kauri iliyoongezwa oksidi ya manganizi, ambayo huponya nyufa kwa takriban dakika moja katika nyuzijoto 1,000, baada ya kuchunguza jinsi mfupa uliovunjika unavyounga. Nako Uholanzi, wataalamu wa Delft wamefanya kazi kama hiyo kwa kutumia kauri zenye alumini.

Teknolojia hiyo ina mipaka. Inahitaji hewa na joto la kutosha, haiwezi kuziba ufa mpana, na chembe zikishatumika mahali pamoja haziwezi kutumika tena. Aidha, mvuke wa maji unaotokana na mafuta yanayoungua huila silika taratibu. Kwa sababu hizo, kauri zinazojiponya kwa chembe bado hazijakabidhiwa mapanga yanayobeba maisha ya abiria.

Pamoja na hayo, mantiki yake inatoka moja kwa moja kwenye hesabu za Griffith. Yeye alionyesha kuwa nguvu ya kitu kigumu hupimwa kwa ufa wake mrefu kuliko zote, na kwamba ufa hauna madhara hadi ufikie urefu fulani. Kauri inayojiponya haijaribu kuzuia nyufa zisitokee. Inazifunga zikiwa bado fupi.

Na kinachozifunga ni joto lile lile la injini alilohangaika nalo kwa zaidi ya miaka 30, tangu siku alipoamriwa kuachana na kioo. Zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake, kazi iliyokatishwa na moto wa usiku mmoja Farnborough inaendelezwa katika tanuri za maabara za Japani na Ulaya.